Jina Langu la Mkono

Nilianza kujifunza lugha ya ishara kwa ubishi, si kwa wema, kwa hivyo mtu asinipambe. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Likoni, harusi na hitima, na kazi yangu nusu ni kupika na nusu ni kupiga kelele. Siku moja tunamenya vitunguu, shoga yangu akaniambia siwezi kunyamaza hata muda wa kuchemsha yai. Ala! Ukutani mwa shule ya msingi ya mtaani kwetu palikuwa na tangazo: mafunzo ya lugha ya ishara, kila Jumamosi asubuhi, bure. Nikamwambia, "Nitakaa mle saa mbili nzima bila kutoa neno, na wewe ndiwe shahidi."

Mwalimu alikuwa kijana kiziwi, kazi yake useremala. Aliandika ubaoni: "Sauti iacheni mlangoni." Nikacheka kwa sauti. Hakunisikia, lakini aliniona mabega yakitikisika, akanionyesha mlango. Nilitoka, nikamaliza kicheko changu nje, nikarudi kukaa.

Raha niliyoipata humo, wallahi, sikuitarajia. Mtu mzima mwenye wajukuu, nikawa nasimama mbele ya kioo asubuhi najifunza kusema "chai" na "jana" kwa vidole. Mwalimu alitufundisha kuwa mikono peke yake haitoshi, uso nao una kazi yake: ukiuliza swali, nyusi zisaidie kuuliza. Uso wangu huu umenitia matatani tangu utotoni. Mamangu alikuwa akinifinya chini ya buibui kwa sababu ulikuwa ukisema mambo ambayo mdomo ulikuwa umekatazwa. Leo unapigiwa makofi mbele ya darasa! Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kama nimeposwa.

Basi nikanogewa. Shoga yangu alishindwa ubishi, na mimi nikasahau kabisa kuwa tulibishana. Nilijua sasa kuzungumza huku nimejaza pilau mdomoni, na kumsengenya mtu na mwenzangu aliye ng'ambo ya barabara, malori yakipita katikati, asijue kitu. Mungu anisamehe hilo la pili.

Kulikuwa na jambo moja tu lililonikera. Katika lugha ile kila mtu ana jina lake la mkono. Hujichagulii mwenyewe. Viziwi wenyewe hukutazama, wakakujua, kisha wakakupa, na ukishapewa ndilo hilo. Mwenzetu mmoja alipewa pengo la meno yake, mwengine kidoti cha shavuni. Kufika mwezi wa nne darasa zima lina majina isipokuwa mimi. Nikitajwa, mwalimu ananionyesha kwa kidole tu, kama kiti. Niliumia, sitaficha. Nililitaka jina lile kuliko nilivyopata kutaka dhahabu.

Aliyekuja kumsaidia mwalimu siku za mazoezi alikuwa jirani yangu, fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Naye ni kiziwi. Tulikuwa majirani miaka kumi na moja, na miaka yote hiyo mimi nilimwita bubu, kama mtaa mzima. Mazungumzo yetu yalikuwa kitambaa na kidole: namwonyesha mshono, ananipima mabega, naondoka. Darasani alinisahihisha vizuri, kwa adabu, lakini hakukaa na mimi hata mara moja. Nikasema pengine ndivyo alivyo.

Jumamosi moja nilimngoja nje ya darasa. Nikamuuliza kwa mikono yangu miwili, na nyusi juu: mbona mimi sina jina?

Akajibu: unalo. Unalo miaka mingi.

Kisha akanionyesha. Mkono ulikunjuka mbele ya kifua, kiganja chini, vidole vikapepea kwenda nje, mara mbili. Kama mtu anayefukuza kuku kwenye mchele.

Damu ilinipanda. Nikamuuliza nani aliyenipa jina la upuuzi kama hilo. Akasema ni yeye. Akanieleza polepole ili nifuate: dada yake alikuwa akiolewa, na nyumbani kwao wakamtuma yeye aalike safu yetu ya nyumba, mara ya kwanza katika maisha yake kupewa kazi ile. Siku na saa ziliandikwa kwenye karatasi. Akapiga hodi kwangu, akanitolea karatasi, na mimi bila kuifungua nikamfukuza.

Ile ilikuwa mara ya kwanza nafahamu kisa kizima cha mtu kwa lugha ile bila kuuliza mara mbili, na kisa chenyewe kilikuwa changu. Kwani nilikumbuka. Ndio kwanza wamehamia mtaani, sura yake sijaizoea, nikamdhania mwombaji, maana waombaji ndio wapitao na karatasi za kukunja. Na harusi ile, Subhanallah, harusi ile nililalamika miezi mitatu kuwa sikualikwa! Nyumba ya tatu, na mimi mpishi! Nilinuna hadi watu wakachoka. Kumbe mwaliko ulifika mlangoni, nikaupungia mkono uende zake.

Viziwi wote wa Likoni walinijua kwa jina lile. Mwalimu alilijua. Walinificha hilo kwa heshima ya mvi zangu tu.

Nilirudi nyumbani, sikula. Lakini hata katika aibu ile nilishukuru, sijui nieleze vipi. Lau nisingejifunza, ningekufa nikijiona jirani mwema.

Mwanangu wa kike alikuwa ameposwa, harusi baada ya Ramadhani. Kualika nilikuwa nimewaachia mashangazi zake. Nikawaambia ile safu yetu niachieni mimi. Nyumba ya kwanza niliyokwenda ilikuwa ya fundi. Sikubeba karatasi. Nilisimama mlangoni pake, nikapunga mpaka akainua kichwa kwenye cherehani, nikamwambia kwa mikono: nilikosa, nisamehe. Mwanangu anaolewa. Nakualika, njoo ukae na mimi, si nyuma na wageni.

Aliniangalia kuanzia kichwani hadi kandambili. Halafu akanyosha mkono, kiganja chini, akanifukuza. Mara mbili, vilevile.

Nikaona haki yangu hiyo. Nikageuka niende zangu, machozi yananitoka.

Nikasikia kishindo. Alikuwa amepiga mguu sakafuni, mpaka bakuli la vifungo likaruka mezani. Nilipogeuka, mkono wake bado uko palepale, kiganja chini, lakini vidole sasa vinavuta ndani, kama tunavyomwita mtu sote: njoo. Na alikuwa akicheka, mabega yote yanatikisika.

Harusini alikaa na mimi. Aliwaleta na rafiki zake watatu, akanitambulisha kwao kwa jina langu kamili, ndilo ninalolitumia hadi leo: vidole vinafukuza mara mbili, kisha vinaita. Nami kila vikiita, naenda.