Viti Vilivyogeuka Kuze

Bi Mona wa mtaa wa Kuze amewaliza mabibi harusi wengi kuliko mama wakwe wote wa Mombasa, na hakuna hata mmoja aliyemchukia kwa hilo. Kazi yake ndiyo hiyo. Bibi harusi akishasingwa kwa manukato, akafukizwa udi na kupambwa, wanawake hufunga mlango. Simu zote hutiwa kikapuni, kikapu kikawekwa nje na mtu wa kukilinda, kisha Bi Mona huketi mkekani akaanza. Ni wimbo mmoja tu, hauna ngoma wala kinanda. Bibi harusi huinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika, na muda si muda wanja wote uko mashavuni, na mpambaji anaanza kazi upya huku akinung'unika.

Wimbo huo Bi Mona aliurithi kwa shangazi yake, na shangazi naye aliurithi kwa shangazi yake. Haukuandikwa popote, haukurekodiwa na yeyote, kila mwanamke aliyeusikia aliapa kutousema nje, na hakuna mwanamume aliyewahi kuusikia. Wanaume walijua upo, basi. Wakimwona bibi harusi anatoka macho mekundu, walijua Mona kashapita hapo.

Wa kwanza aliyemwimbia peke yake, bila shangazi kando, alikuwa Abrar, aliyeolewa na Hamdan, kaka yake Mona wa tumbo moja. Siku hiyo Hamdan alisimama nje ya mlango na joho lake, anangoja, jasho linamtoka. Abrar akatoka macho yamevimba. Siku chache baadaye Hamdan akamvizia dadake jikoni akamwuliza walimfanya nini mkewe mle ndani. Mona, msichana mbichi wakati huo, alicheka, akamwambia mambo ya wanawake hayamhusu. Hamdan hakuuliza tena.

Aliishi na Abrar vizuri, hilo Kuze nzima ni shahidi. Hawakugombana hadharani, walizaa, walisomesha, na Abrar alipofariki Hamdan alivaa huzuni kama nguo ya kila siku. Ila alikuwa na tabia moja ambayo watu waliisema. Mwalike harusini, atakuja. Atakula pilau, atamwombea bwana harusi dua, kisha kabla bibi harusi hajatolewa, Hamdan huyo, kaenda zake. Waliomjua walisema ni ukali wa kuzaliwa nao. Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini nani angejua kwamba palikuwa na kovu?

Sasa, Bi Mona alipasuliwa shingo kwa ajili ya uvimbe. Uvimbe ukatoka, alhamdulillahi, lakini haukutoka peke yake. Tangu hapo akianza wimbo huanza vizuri, halafu katikati sauti inakatika kama maji ya mfereji yanapokatika hapa mjini: linakuja tone, kisha hewa, kisha hakuna kitu. Wanawake wa Kuze wana adabu, walimalizia kwa vigelegele kana kwamba ndivyo wimbo unavyokwisha. Bi Mona alivisikia vile vigelegele na akaelewa vizuri maana yake.

Nyumbani alikuwa anaishi na Aya, mjukuu aliyemlea tangu akiwa wa kutambaa. Aya anauza makava ya simu Makadara ya hapa hapa Mombasa, na jioni humsaidia bibi yake kuchanganya udi wa kuuza. Sauti anayo. Tena sauti ile ile, na hilo lilikuwa likimfurahisha bibi na kumtia hofu papo hapo. Siku moja akarudi kazini na habari kwamba amechaguliwa kwenda Nairobi, kwenye yale mashindano ya kuimba ya televisheni ambayo Kuze wanayaita mashindano ya viti.

Bi Mona hakuyajua, ikabidi aelezwe. Kuna makocha wanne, waimbaji wakubwa wote, kila mmoja na kiti chake kama cha sultani. Wanampa mwimbaji mgongo. Hawamwoni, wanasikia sauti tu. Aliyependezwa hubonyeza kitufe, kiti kikamgeuza, na hapo makocha wanaanza kugombania nani amfundishe. Bi Mona alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba kumbe watu wa televisheni nao wamejifunza adabu.

Ndipo Aya akaomba ruhusa ya kuuimba ule wimbo, aliokuwa ameshafundishwa ubeti kwa ubeti.

Bi Mona alikataa, na hakukataa kwa upole. Alimwuliza kama amerogwa. Wimbo wa nyuma ya mlango ukaimbwe mbele ya nchi nzima, wausikie mpaka wauza miraa? Aya hakubishana. Aliosha vyombo akaenda kulala, na kutobishana kwake ndiko kulikomsumbua bibi yake. Siku iliyofuata, nyumba tupu, Bi Mona akiwa anaponda sandali, alijaribu wimbo peke yake. Ulifika ubeti wa pili ukakatika. Akarudia, ukakatika pale pale. Akakaa na mchi mkononi akijiuliza: mlango huo anaoulinda, akishakufa yeye, kutakuwa na nini nyuma yake?

Aya aliporudi alimkuta bado amekaa.

"Nenda kauimbe," bibi akamwambia. "Lakini uuimbe kana kwamba mlango umefungwa."

Aya alikwenda Nairobi akarudi. Hakusema kama viti viligeuka au havikugeuka, maana aliapishwa asiseme mpaka kipindi kitakapoonyeshwa. Lakini kwamba ameimba, na ameimba nini, hilo lilikuwa limefika Kuze kabla yake. Kuze siri hukaa kama barafu juani.

Hamdan alipanda ngazi za dadake siku hiyo hiyo. Hakuketi. Alisema wanawake waliutunza wimbo ule tangu enzi, yeye na babake na babu yake wakasimama nje ya milango wakaheshimu, na leo Mona anautupa barabarani kama maganda. "Siku nitakayousikia ukilia kwenye televisheni ya barazani," akamwambia, "usinihesabu tena kuwa nduguyo." Akashuka.

Na alimaanisha. Kila asubuhi ya Mungu, Hamdan akienda kufungua duka, alikuwa akipita chini ya dirisha la Mona akikohoa kidogo, Mona akifungua akimwamkia, naye akijibu na kumwuliza kaamkaje. Ndiyo ilikuwa chai yao. Tangu siku ile akawa anapita kimya, macho mbele. Bi Mona alifungua dirisha kila asubuhi vile vile, akaishia kuona kofia tu ikipita. Alilia, wallahi, mtu mzima yule. Maji yakishamwagika hayazoleki, na hakujua kama amemwaga maji au amemwaga damu yake mwenyewe.

Jumapili ya kipindi ikafika. Kwa Bassam, muuza sharubati mkabala na nyumba ya Bi Mona, kuna televisheni kubwa inayotazama barazani, na wanaume wakitoka msikitini baada ya Magharibi hukaa pale kwenye viti vya plastiki. Bi Mona alimwomba Mungu Hamdan asije. Hamdan alikuja. Tena alikaa mbele, kiti chake kile kile, fimbo magotini, kama hakimu. Wenzake walimwachia nafasi kulia na kushoto, maana kila mtu alijua aliyoyaapa, na walijua vile vile kwamba akiinuka yeye, heshima itawainua wote.

Juu, Aya alikuwa amekaa karibu na bibi yake, vidole vinacheza na ncha ya mtandio. Televisheni yao ndogo ilikuwa inawaka nyuma yao, lakini Bi Mona hakuitazama. Alikaa nyuma ya shubaka la dirisha, macho chini kwa kaka yake.

Mtangazaji akasema jina la Aya wa Mombasa. Migongo minne ya viti. Halafu wimbo ukaanza.

Niwaambieni kilichompata Bi Mona. Tangu utoto alikuwa ndani ya wimbo ule. Aliuimba, kwanza akimfuatia shangazi, kisha peke yake, na mwimbaji hausikii wimbo wake, ana shughuli ya pumzi na maneno na kumtazama bibi harusi asije akazimia. Leo, kwa mara ya kwanza, aliusikia kutoka nje. Ulitoka nyuma yake kwenye televisheni ndogo na ukapanda kutoka chini kwenye televisheni ya Bassam, ukajaza kichochoro chote, na sauti haikukatika. Akamshika Aya mkono akamwuliza kwa sauti ya chini, kama mtoto, "Hivi ndivyo ulivyo?"

*Njoo mwanangu nikwage, nikupe na la akiba,*
*Machozi hapa yamwage, wendako wende na shiba.*

Kule Nairobi, kocha Wekesa, ambaye nyimbo zake zote ni za kurukaruka, alibonyeza na kiti chake kikageuka. Kuze, Hamdan aliinuka.

Bi Mona alifumba macho. Basi, kwisha. Alipoyafumbua, Hamdan alikuwa ameshika kiti chake mgongoni. Akakiinua. Akakigeuza, akakiweka chini, akaketi tena, kaipa televisheni kisogo.

Bassam alidhani amechukia. Akakimbilia rimoti azime, afiche aibu. Hamdan akanyoosha fimbo kumzuia.

"Ongeza sauti," akasema.

Bassam akaongeza. Halafu akatazama kiti chake mwenyewe, akakigeuza. Akageuza wa pili, wa tatu, wakageuza wote, wazee na vijana, miguu ya plastiki ikikwaruza sakafu, mpaka hapakuwa na uso hata mmoja ulioelekea kioo. Chirau, dereva wa tuktuk, alikuwa anapita na abiria wake. Kuona vile akazima injini, akashuka, akageuka naye, bila kujua kwa nini, na abiria hakulalamika. Kocha wa pili akageuka, wa tatu akageuka. Kule viti viligeuka ili watu wamwone Aya. Kuze viligeuka ili wasimwone, wapate haki ya kusikia.

Na kwa kuwa walikuwa wameipa televisheni kisogo, walikuwa wameelekea dirisha la Bi Mona. Hakuna aliyeinua macho. Vichwa vyote vilikuwa chini, kama vichwa vya mabibi harusi. Bi Mona ameona mengi katika maisha yake, lakini hilo hakulitarajia kwa Mola wake. Hamdan alikuwa ameinua ncha ya shali ameiweka machoni, na hakuishusha.

Kocha wa mwisho alikuwa Bi Nasiha, malkia wa taarab, na kiti chake kiligeuka muda wa Aya ukiwa unakwisha. Kisha akamwuliza Aya kafundishwa na nani. Aya wa kwenye kioo akajibu kwamba kafundishwa na bibi yake, na kwamba bibi yake asingependa kutajwa. Barazani hakuna aliyepiga makofi. Walirudisha viti taratibu, wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakisalimiana kwa kushikana mikono tu.

Baada ya Isha hodi ikapigwa. Aya akafungua, akambusu babu yake mkono. Hamdan alisimama kizingitini, hakuingia. Alimtazama dadake.

"Abrar ulimwimbia huu huu?"

"Huu huu, kaka."

"Na hapo pa machozi? Ulimwambia hivyo hivyo?"

"Neno kwa neno."

Hamdan alitafuta ukuta akauegemea. Alizungumza polepole. Alisema siku ile alimpokea mke mwenye macho mekundu, akajua moyoni kwamba amepewa mwanamke asiyemtaka. Alisema aliishi naye kwa wema na kwa tahadhari, kama mgeni nyumbani mwa watu, na hakuthubutu kumwuliza hata siku moja, hata alipokuwa akimuuguza, kwa kuogopa jibu. Na harusi za watu alizikimbia ili asione tena macho yale.

"Kumbe aliambiwa ayamwage," akasema.

Bi Mona alikumbuka jikoni, na kicheko chake cha usichana. Abrar angewezaje kumwambia? Naye aliapa kama walivyoapa wote.

"Aliyamaliza humu, kaka," akamwambia. "Kwako alikuja na shiba."

Mzee alitikisa kichwa, akatikisa tena, machozi yanamchuruzika ndevuni na hayafuti. Kisha akauliza, kwa aibu kidogo, kama wimbo umekwisha pale, maana televisheni ilionekana kuukata.

"Una mwisho," Bi Mona akasema. "Hawakumpa muda."

Hamdan akaitikia kwa kichwa. Hakuomba. Alirudi nyuma hatua moja, akashika kitasa, akaufunga mlango mwenyewe kutoka nje, nao wakamsikia anajishusha kukaa kwenye ngazi. Bi Mona aliketi mkekani akaanza tangu mwanzo. Kwenye ubeti wa pili sauti ikakatika pale pale inapokatikia, na Aya akaupokea, akauchukua mpaka mwisho. Nyuma ya mlango Hamdan alikuwa anangoja kama alivyongoja siku ile, ila safari hii alisikia.