Kinywa cha Baba Waridi

Mume wangu Atumani ni fundi wa umeme wa magari, na mtaa wetu wa Buyenzi wote unamjua. Shuka kwenye avenue yetu, uliza fundi wa dinamo na betri, hata muuza makaa atakuelekeza bila kuinua kichwa. Gari likigoma kuwaka, yeye anafungua boneti, anagusa waya mbili tatu, anakwambia ugonjwa ni huu. Kwa mikono yake sina neno. Taabu ilikuwa kinywa.

Ninasema wazi kwa sababu mimi ndiye niliyelala ubavuni mwa kinywa hicho miaka ishirini na sita, na ile kumi ya mwisho nililala nimegeukia ukuta. Meno ya nyuma yalikuwa yamebaki visiki. Ya mbele, mawili yalikatika, na moja jeusi lilibaki linaning'inia kwa kiburi. Ugali aliumeza kama dawa. Ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wa kukaanga, ambao siku nilipoolewa naye aliwatafuna kama karanga, akawa anawatazama tu kwenye sahani za wenzake. Akizungumza aliweka mkono mbele ya mdomo, na mkono wenyewe una grisi, kwa hiyo masharubu yake yalikuwa na mafuta ya gari mwaka mzima.

Wengine meno huwaharibikia kwa umaskini au kwa uvivu. Wa kwangu alijiharibu kwa ufundi. Pale gereji, mafundi wa betri wanaamini kwamba maji ya betri, ile asidi yenyewe, yanaua mdudu wa jino. Unachovya pamba kidogo, unaiingiza kwenye tundu kwa ncha ya waya, unauma, unatokwa machozi, halafu jino linatulia. Atumani alifanya hivyo mara ya kwanza gego lilipomtesa, na kweli likanyamaza. Hakujua kwamba limenyamaza kwa sababu limekufa, na kwamba asidi ikishamaliza moja inahamia kwa jirani. Jirani alipoanza kuuma, akampa dawa ile ile. Fizi zikaungua, meno yakameguka kama chaki, na yeye akaendelea kuisifia.

Kibaya zaidi, akageuka mganga. Fundi yeyote mwenye jino bovu alikwenda kwake, akakalishwa juu ya tairi, akaambiwa afungue kinywa. Hakumtoza mtu kitu. Alifanya kwa moyo mwema, na hilo ndilo lililonikera, maana ni vigumu kumgombeza mtu anayeharibu kwa huruma. Nilimgombeza hata hivyo.

Hospitali alikataa. Alisema jino la juu limeshikana na mshipa wa jicho, ukiling'oa jicho linakufa, na fundi kipofu atakula nini? Mara moja nilimvuta tukaulize bei kwa daktari wa meno mjini, tukatajiwa fedha ya kununua pikipiki. Tukashukuru, tukatoka. Tangu siku hiyo akawa na sababu mbili badala ya moja.

Basi mwaka jana ikaja posa ya binti yetu Waridi. Anouar ni kijana mwenye adabu, ana kiduka cha vipuri, na mama yake nilisoma naye madrasa. Tukakubali, tukapanga ndoa baada ya Iddi ya Kuchinja. Kwetu Waislamu baba ndiye walii. Siku ya ndoa anamshika bwana harusi mkono mbele ya wazee na kutamka kwa kinywa chake kwamba amemwoza binti yake. Anaruhusiwa kumpa sheikh uwakala amtamkie, na wapo wanaofanya hivyo kwa sababu ya safari au ugonjwa. Lakini baba mzima, ameketi pale pale mkekani, amwachie mtu mwingine? Watu lazima waulize kuna nini.

Atumani alitangaza, mkono mdomoni, kwamba sheikh atamtamkia.

Upande wa Anouar hawakusema kitu mbele yetu, ila maneno yalifika kama yanavyofika Buyenzi: baba wa binti hana radhi. Waridi aliyasikia akiwa anajaribu gauni kwa fundi cherehani. Alilivua, akaenda gereji moja kwa moja, na mimi nikamfuata mbio maana ninamjua. Tulimkuta baba yake ameinama chini ya usukani wa gari la watu.

"Baba, kama Anouar haumutaki, uniambie mi mwenyewe. Nitamurudishia mahari yake."

Atumani akasema apana, kijana anampenda, hana ubaya naye hata kidogo.

"Basi juu ya nini haunitoi na kinywa yako?"

Atumani akainamia tena nyaya zake. Waridi akasema ndoa isubiri mpaka baba yake apate la kujibu, akaondoka. Mtoto yule amechukua hasira zangu zote. Atumani alibaki amekaa kwenye kiti cha dereva, na nikaona machozi yanamtiririka, na hata kulia alilia mdomo umefungwa.

"Mama Waridi," akasema baadaye, "kijana ya watu nitamushika mukono hivi, uso kwa uso. Nimupulizie hii harufu? Wazee wote waone haya meno? Waridi atasikia haya mpaka siku ya kufa."

Nilikaa karibu naye. Miaka kumi nimegeukia ukuta, sikuwahi kumwuliza inamuuma wapi. Niliona aibu siku ile, na haijanitoka yote mpaka leo.

Mimi ninauza vitenge sokoni. Wiki ile ile nikamweleza mteja wangu mmoja, nesi, nikiwa sitegemei kitu. Akaniambia kuna kituo kidogo kule Kamenge kinachoendeshwa na masista, kina daktari wa meno siku tatu kwa wiki, na bei yao ni ya watu kama sisi, tena unalipia jino moja moja kila ukienda. Nikauliza kama wanapokea Waislamu. Alicheka mpaka akaangusha kitenge, akasema hajawahi kuona jino lenye dini.

Nilimpeleka Atumani kama mbuzi anavyopelekwa sokoni, mara kumvuta, mara kumsukuma. Petroli ilikuwa imeadimika, mabasi hayaonekani, kwa hiyo tulitembea kutoka Buyenzi mpaka Kamenge, yeye hatua tatu nyuma yangu akitafuta kona ya kutorokea.

Daktari mwenyewe anaitwa Concilie, mwanamke mfupi wa kule Kanyosha, mwenye sauti ya chini. Alimlaza Atumani kwenye kiti, akawasha taa, akamtazama kinywani muda mrefu bila kugeuza uso. Hilo nililiona na lilinichoma, kwa sababu mimi mke wake nilikuwa nageuza. Kisha akauliza ameweka nini humo. Atumani akafumba macho. Akauliza tena, taratibu, kama ni maji ya betri. Atumani akaitikia kwa kichwa.

Concilie akavua glavu. Alisema huyu ni wa sita mwaka huu. Wote mafundi, wote wa Buyenzi, na wote wamemhadithia habari moja, kwamba yuko mzee gereji anayetibu meno kwa asidi, tena bure. Alisema angependa sana kumwona mzee huyo kwa macho yake.

Mimi nikatazama sakafu. Kama angeniuliza mimi, Mungu anisamehe, ningemwambia simjui. Lakini Atumani aliinuka kwenye kile kiti, akauondoa mkono mdomoni, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwona akifanya hivyo mbele ya mgeni.

"Docteur," akasema, "uyo muzee ni mi."

Nilishika mkoba wangu nikijua tunafukuzwa. Mganga hajigangi, wanasema, na wa kwangu alikuwa ameshindwa kujiganga na kuwaganga wenzake pia. Concilie alimtazama, akavuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Muzee, karibu," akasema. "Ni we nilikuwa nangojea. Hawa wengine nitawatibia mupaka nizeeke kama we hautaacha."

Akaeleza masharti yake. Atamtibu kwa bei ya kituo kama mgonjwa mwingine yeyote. Meno ya mbele ya kubandika atamwomba mtengenezaji wao amfanyie kwa gharama ya vifaa tu. Lakini Atumani apite gereji zote za Buyenzi, moja baada ya nyingine, afungue kinywa, awaonyeshe. Alisema yeye akienda kuwahubiria watamsikiliza kwa heshima na kuendelea na asidi yao, ila wakiona kinywa cha mganga mwenyewe wataelewa. Atumani akakubali.

Wiki ya kwanza alipewa dawa za kukausha usaha. Baada ya hapo tulikwenda kila Alhamisi, mimi na fedha za vitenge vya wiki nimezifunga kwenye pindo la mtandio. Siku moja zilipungua, na sista wa mapokezi akasema tutamalizia Alhamisi ijayo, akaita mgonjwa anayefuata bila kutuaibisha mbele ya watu. Siku alipong'olewa jino la kwanza la juu, Atumani aliziba jicho la kulia, akatazama dirisha, akaziba la kushoto, akatazama tena, ndipo akakubali kuteremka kwenye kiti. Alimwomba Concilie ang'oe yote aweke mapya, kama mtu anavyobadilisha plagi. Concilie akakataa katakata, akasema lililo zima halitoki. Aling'oa tisa, akaziba matatu, akayasafisha yaliyobaki. Hasira sikuzisikia kwake hata siku moja, na mimi katika nafasi yake ningekuwa nazo za kutosha gereji nzima.

Na ile ahadi, Atumani aliitimiza. Siku ya kwanza nilimfuata kwa mbali nikiwa na kikapu, nikijifanya natafuta bamia. Alisimama katikati ya gereji ya kwanza, kinywa kina mashimo mapya, akawaita waliokuwa chini ya magari watoke. Aliwaambia watazame vizuri, hii ndiyo dawa yake, na wale aliowawekea wamsamehe. Kuna waliocheka. Mmoja akambandika jina la Dokta Asidi, na jina hilo analo mpaka leo. Lakini Cirimwami, fundi wa breki, aliyekuwa na shavu limevimba na pamba ya Atumani bado imo ndani, alinawa mikono akauliza Alhamisi wanaondoka saa ngapi. Baada ya mwezi ungedhani benchi la masista ni la msikiti, kwa wingi wa kofia. Kila gereji aliyoingia, Atumani alifungua kinywa kwa urahisi zaidi. Nilikuwa nikimwona, nikimshukuru Mungu kimoyomoyo, na bamia sikununua.

Kwa Waridi, Atumani alikwenda mwenyewe, akamweleza kwa nini alitaka kumwachia sheikh. Mimi nilikuwa nje, nikasikia mtoto analia, halafu wote wawili. Nikaingia nikalia nami, basi tukawa watatu. Ndoa ikarudishwa tarehe yake. Meno ya kubandika yalifika wiki moja kabla, na Atumani alizunguka uani akiyazoesha, akilisalimia pipa la maji na baiskeli, kwa sababu mwanzoni yalimpigisha mluzi.

Siku yenyewe, baada ya swala ya alasiri, wanaume waliketi mikekani uani kwetu, nasi wanawake tulikuwa ndani nyuma ya pazia, Waridi katikati na hina mikononi. Sheikh akauliza kama walii anampa uwakala. Nilishika mkono wa Waridi.

"Apana, Sheikh," Atumani akasema. "Baba yake niko hapa."

Akamshika Anouar mkono, uso kwa uso. Nilimwona kwenye upenyo wa pazia. Mkono wake mwingine ulikuwa umetulia juu ya goti.

"Anouar, nimekuoza binti yangu Waridi, kwa mahari mliyopatana."

Anouar akajibu palepale kwamba amekubali. Vigelegele vikapasuka ndani, Waridi akaniangukia begani, na sheikh akainua mikono aombe dua. Lakini Atumani hakuuachia mkono wa kijana. Aliomba ruhusa aseme tena. Sheikh akamwambia mara moja inatosha, ndoa imeshapita.

"Najua, Sheikh," akasema. "Lakini mama yake iko ndani. Sijue kama amesikia."

Kwetu mwanamke hapazi sauti mbele ya wazee saa kama ile. Nilipaza.

"Nimesikia, Baba Waridi. Sema tena."

Akasema tena.