Fomu ya Ijumaa Iliyojazwa Jumatatu

Nilikuwa na mwaka wa tatu katika kiwanda kidogo cha unga pale Milanzi, nikipima sembe na kushona mifuko, siku bosi alipotukusanya uani na kututangazia kwamba tunatafuta alama ya ubora. Alikuwa mtu mpole, wa familia ya wafanyabiashara wa mjini, na alizungumza akiwa ameshika kikombe cha chai ya tangawizi. Maduka makubwa ya Mbeya, alisema, hayataki tena unga usio na alama. Wakaguzi wa viwango wangekuja baada ya wiki chache.

Ilikuwa mwezi wa sita, na upepo wa Ufipa mwezi huo haumwachi mtu asikilize hotuba. Tulikubali haraka ili turudi ndani.

"Hiyo alama itasaga mahindi?" fundi wa mashine aliniuliza kwa sauti ya chini. "Watu wanakula unga wangu miaka yote. Nani amelalamika?"

Aliyepinga waziwazi ni mama mmoja wa Kasense, rika la mama yangu mzazi, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea mahindi getini. Alikuwa anachomoa punje chache kwenye gunia, anaziuma, kisha anasema yamekauka au bado. Bosi alipomletea kipimo cha unyevu, alikigeuzageuza kama mtu aliyepewa simu ya mwenzake.

"Mwanangu," aliniambia, "nimelima mahindi na ulezi tangu sijaolewa. Leo karatasi inifundishe punje mbichi?"

Karatasi zenyewe nilikabidhiwa mimi, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Kila siku ilikuwa na fomu yake: nani amesafisha kinu, saa ngapi, nani amekagua. Wiki ya kwanza nilijaza kwa uaminifu. Wiki ya pili niligundua majibu hayabadiliki, basi kila Jumatatu nikawa najaza za wiki nzima, halafu narudi kwenye mifuko yangu kwa amani.

Mkaguzi alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri, amevaa sweta zito. Alimwamkia mama shikamoo, akatusalimia wengine, akafungua faili langu.

"Leo siku gani, kaka?"

"Jumatano."

"Na hapa pameandikwaje?"

Palikuwa pameandikwa kwamba Ijumaa, siku mbili mbele, kinu kimesafishwa saa mbili na nusu asubuhi, na chini yake sahihi yangu. Yeye hakucheka. Fundi ndiye aliyecheka, hadi alipoulizwa kofia yake ya kufunika nywele iko wapi. Ilikuwa imefunika kikombe chake cha chai, ili vumbi la unga lisiingie.

Hatukupita. Bosi hakunifokea, aliniambia tu, "Umeniaibisha," akaingia ofisini. Afadhali angenifokea.

Kabla hajaondoka, mkaguzi alikaa na mama juu ya magunia wakaongea muda mrefu. Sikusikia walichosema. Ila gari lake lilipotoka getini, mama aliniita na fomu ya mapokezi mkononi.

"Nisomee tena hapa chini."

"Mzigo umekubaliwa au umekataliwa. Sahihi ya mpokeaji."

"Na bosi anasaini wapi?"

Nikatafuta. "Hapa hana nafasi, mama."

Alikunja ile karatasi taratibu, akaiweka mfukoni. Hapo ndipo nilipokumbuka ni mara ngapi nilimsikia akisema mahindi hayajakauka, kisha akaambiwa apokee tu kwa sababu mwenye mzigo ni mtu wetu.

Wiki iliyofuata lori la Fuso liliingia kutoka Mpui na mahindi ya rafiki wa bosi. Mama aliuma punje, akaweka nyingine kwenye kipimo. Meno na kipimo vilisema kitu kimoja.

"Hayashuki," alimwambia dereva.

Dereva alicheka, akampigia bosi simu. Bosi akaja na kikombe chake.

"Mama, huyu ni mtu wangu wa siku nyingi."

"Najua, baba. Lakini hayajakauka. Yataota ukungu ghalani, tutasaga sumu. Nikisaini hapa, nimesema mimi kwamba ni mazuri." Akamnyooshea fomu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Na mimi sisaini."

Bosi aliisoma fomu kuanzia juu hadi chini, nadhani kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tumesimama wote, mashine imezimwa. Kisha akamgeukia dereva.

"Rudi nayo. Mwambie ayaanike vizuri, halafu ayalete."

Mama alirudi kukaa kwenye kigoda chake. Kesho yake fundi alikuja amevaa kofia, akidai masikio yake yanapata baridi. Mimi nilianza kusimama kando ya kinu kinaposafishwa, ndipo naandika. Mara mbili nikakuta pumba ilipodaiwa hakuna kitu, na fundi akasafisha upya akinung'unika.

Mkaguzi aliporudi, alituonyesha wavu wa dirisha uliochanika, tukaushona palepale kwa sindano yangu ya mifuko. Alama tuliipata. Msimu uliofuata wakulima wa Mpui walikuwa wakimpigia mama simu kabla hawajapakia, naye aliwajibu kwa Kifipa, kwa kirefu, akiwaeleza namna ya kutandaza turubai na siku za kusubiri mahindi yakauke.