Sauti Iliyosema "Uache"

Timu yetu ya wanawake ilikuwa na silaha ambayo vyuo vingine vya Guangzhou havikuwa nayo: Kiswahili. Mimi nilikuwa kipa. Nahodha wetu, Mmombasa mwenye sauti ya kupasua bati, alikuwa beki mbele yangu. "Wangu!" "Uache!" Wapinzani walibaki kutukodolea macho. Akisema uache, niliuacha mpira bila kufikiri, na hakuwahi kuniponza.

Kisha mashindano ya vyuo yakaruhusu wachezaji kulipwa posho na kuhama. Kila muhula kikosi kikawa kipya. Winga wetu Mkongo akaenda, kiungo Mchina akafuata, nami nikawa naulizana majina na watu mazoezini kama niko msibani kwa watu. Nahodha aliniambia habari zake mtaani Sanyuanli, tukingoja pilau kwa mama mmoja Mkenya anayepikia wafanyabiashara.

"Kuna laoban, tajiri wa mizigo, afadhiliye chuo kile cha ng'ambo ya mto. Chumba, posho, kila kitu. N'shatia sahihi."

"Na sisi?"

"Nawe njoo. Kipa wao mbovu."

Nilimtakia heri, na sikumaanisha hata neno moja. Pilau ilinishinda, na mimi si mtu wa kubakiza chakula.

Ratiba ikatukutanisha nao. Kocha wetu, mwalimu mpole wa Kichina, alisema wazi: tukitolewa, chuo kinavunja timu, maana hakina fungu la kushindana na wafadhili. Sare ingetutosha.

Mpaka dakika za mwisho hakuna aliyefunga. Mara mpira mrefu ukapigwa nyuma ya mabeki wetu. Mshambuliaji wao, msichana wa Kichina, alikuwa ameotea, lakini akaukimbilia. Nikatoka golini. Ningeufikia kabla yake, hilo sina shaka nalo.

"Uache!"

Nikasimama. Sina cha kupamba hapo: sauti ile ilisema uache, nikauacha. Yule msichana naye akasimama. Nahodha wetu wa zamani akachomoka kutoka nyuma yake, akaupitisha ubavuni kwangu taratibu, ukaingia wavuni.

Filimbi ya mwisho ilipolia nilimfuata.

"Umenihadaa kwa lugha yetu wenyewe."

"Si wewe n'liyekwambia," alisema, naye hakuwa na furaha. "N'limwambia mwenzangu. Alikuwa ameotea, angeugusa bao lingekataliwa."

"Mchina?"

"Nimewafunza wote. Wangu, uache, rudisha. Wewe ulisimama kwa nini?"

Alikuwa amehama tangu muhula uliopita. Mimi ndiye niliyekuwa bado namtii.

Yule msichana wa Kichina akapita, akaona machozi yangu, akanishika bega.

"Pole, dada," alisema, kwa lafudhi ya Mombasa kabisa.

Jumatatu tulirudisha jezi.