Hina ya Alhamisi

Mimi ni mwalimu wa kemia, na sina subira. Wanafunzi wangu wa sekondari hapa Bagamoyo wanalijua hilo. Tukifika kwenye kasi ya mmenyuko natumbukiza kombe zima la pwani kwenye asidi, linatoa mapovu kivivu. Kisha natumbukiza lililotwangwa, na povu linafurika hadi mezani. Hapo ndipo ninapofurahi. Kinachochelewa hunikera.

Basi Jumatano usiku harusi yangu ilipovutwa kutoka Jumapili hadi Ijumaa, kwa kuwa mchumba ameitwa kazini mapema, sikuona tatizo. Tatizo alilileta mama. Macho yake yana mtoto wa jicho. Anaona tu kitu kilichosogezwa karibu na uso, na picha za simu kwake ni ukungu mtupu. Alikuwa na ombi moja: aione hina yangu imekolea kabla sijapelekwa Lugoba kwa mume. Na hina, hata ukiiosha leo, inaiva kesho kutwa.

"Niachieni mimi," nikasema. "Hii ni kemia."

Alhamisi asubuhi nikaichekecha hina mpaka ikawa laini kama poda, maana chembe ndogo humenyuka upesi. Nikakamua ndimu, nikaikoroga nzito. Joto nalo huharakisha, kwa hiyo nikamimina chai ya rangi inayotokota. Kisha nikaanza kuzunguka uani: nachungulia bakuli, nakaa, nainuka. Mama mdogo, ambaye ndiye mchoraji, akajipaka tone kiganjani, akasubiri, akalifuta. Hakuna rangi.

"Umeipika hii, imekufa," akasema. "Wee mwali, una wazimu?"

Nilitamani kulia kwa hasira. Najua vizuri kwamba joto likizidi huharibu, nawafundisha wengine. Tukachanganya nyingine kwa maji ya uvuguvugu, tukaiweka juani, nikachorwa alasiri. Nilikaa mikono juu ya chetezo cha karafuu ili ngozi ipate moto, miguu ikichezacheza, mama akinilisha wali kwa tonge na kuniuliza kila mara kama imekolea. Nilipoibandua, chini kulikuwa na rangi ya chungwa.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya hewa. Oksijeni huigeuza rangi ile taratibu ndani ya ngozi, na mimi sikuwa na namna ya kuisukuma. Ijumaa baada ya swala nikaozwa. Mama akakisogeza kiganja changu hadi puani, akakitazama sana.

"Nzuri," akasema, kwa sauti ile anayotumia mgeni akimletea papai bichi. Tukaondoka. Njia nzima nilimchukia kila mtu aliyekuwa ndani ya gari, hasa bwana harusi.

Jumamosi asubuhi nikaamka Lugoba, nikafungua dirisha. Mikono ilikuwa imeiva, wekundu wa kuelekea weusi. Hina haijapata kunipendeza namna ile. Kwa desturi yetu bibi harusi hukaa ndani siku zote za fungate, hata uani hatoki kufagia. Nikamwamsha mume wangu.

"Nipeleke kwa mama."

"Leo? Watu watasemaje?"

"Waseme. Washa pikipiki."

Msata tulipita watu wakinywa chai, Fukayosi hatukusimama hata kwa maji. Njia nzima nilikuwa nampiga mabegani aongeze mwendo. Tulimkuta mama barazani anakuna nazi. Nikatoa shikamoo huku nakimbia, nikapiga magoti, nikampa viganja vyote viwili. Akavileta hadi kwenye kope, kimoja, kisha kingine, akakirudia cha kwanza. Machozi yakamtoka, yakanidondokea vidoleni.

"Imekolea," akasema. Kisha, bila kuniachia mkono, akaanza kunigombeza kwa kutoka nje kabla fungate haijaisha.