Kurasa za Mwisho Zipo?

Tangu Baba afariki nimeanza vitabu tisa na sijamaliza hata kimoja. Nafungua, nafika ukurasa wa kumi, wa kumi na mbili, mwili unaanza kukataa kukaa. Nainuka. Nachemsha chai nisiyoitaka, nakwenda dirishani kutazama kama mlima umefunguka au bado umejaa ukungu, narudi, nakikuta kitabu kimelala kifudifudi kwenye kochi, nakichukia. Kimenikosea nini, hata sijui. Nakirudisha, nachukua kingine, na mambo ni yaleyale. Mimi huyu! Mimi niliyekuwa nasoma huku mashine ya fotokopi inatema kazi za wanafunzi wa chuo, mpaka wanagonga meza: "Dada, karatasi zimeisha!"

Muuza vitabu wa mitumba pale karibu na soko, anayetandaza mali yake juu ya turubai, ameanza kunicheka. Juzi aliniuliza, "Dada, wewe unasoma au unajengea?" Nikamjibu vibaya, nikaondoka na kitabu cha tisa.

Sababu naijua. Kuna kitabu kimoja ndani ya mkoba wangu mweusi, na mkoba huo nimeutundika nyuma ya mlango ili nisiuone.

Baba alikuwa mtu wa reli. Miaka na miaka alikaa stesheni ya Kisaki, na Mama alibaki kwao Mgeta, kwenye shamba la ukoo wake, analima njegere na kabichi na kutulea. Kisaki treni ilichelewa inavyotaka yenyewe, na mtu wa kuingoja lazima apate cha kufanya. Baba alisoma. Alisoma vitabu walivyosahau abiria, na vingi havikuwa na mwisho, maana kuna waliochana kurasa wakafungia karanga, na kuna waliochana wakaenda nazo chooni. Kwa hiyo alistaafu na hadithi chungu nzima kichwani asizojua ziliishaje, na zilimuuma kwelikweli. Mnakula ugali, kimya, ghafla anasema, "Yule daktari wa uongo, sijui walimkamata?" Unahangaika kukumbuka ni daktari gani wa hapo kijijini, kumbe ni wa kwenye kitabu alichosoma kabla hujazaliwa.

Ndiyo maana alikuwa na sheria zake. Kabla hujaanza kitabu, hakikisha kurasa za mwisho zipo. Ukishahakikisha, marufuku kuzisoma. Nikiwa darasa la tano alinikuta nachungulia mwisho, akanipa kofi la kisogo. "Anayechungulia mwisho ni mwizi!" Mpaka leo, nikikagua kitabu pale kwenye turubai, nafunika maandishi kwa kiganja, natazama namba ya ukurasa tu.

Uzeeni presha ya macho ilimla macho yote mawili. Basi kila Jumamosi asubuhi nikawa napanda fuso la mboga linalorudi tupu Mgeta, nakaa mbele na dereva, kitabu mapajani. Nafika, shikamoo Baba, shikamoo Mama, chai, halafu swali: "Kurasa za mwisho zipo?" Zipo, Baba. Tunakaa kwenye benchi nje, jua likiwepo, yeye na blanketi lake la kijivu, mimi nasoma. Mama hakukaa nasi. Alikuwa kizingitini, katupa mgongo, ungo mapajani, anamenya njegere. Nilidhani vitabu ni mambo yangu na Baba. Wala sikuwahi kumuuliza.

Kumchagulia Baba kitabu ilikuwa vita. Kimoja alikikataa ukurasa wa pili: "Hiki kinahubiri, na mimi misa nimeshasali." Kingine alisema mwandishi wake hajawahi kuona njaa. Nilikuwa nalala naumiza kichwa, nimpelekee kipi tena, mzee huyu mgumu hivi. Lakini nilifurahi. Wakati ule sikujua tu kwamba nafurahi.

Halafu moyo wake ukatanuka. Daktari alinivuta pembeni koridoni, akaniambia, "Kaeni naye karibu."

Kesho yake nilisimama mbele ya turubai kama mgeni. Nikaokota kinene, nikakiweka chini. Nikaokota kingine, nikakiweka. Nilikuwa napiga hesabu, Mungu anisamehe: kurasa ngapi kwa Jumamosi, na Jumamosi ngapi zimebaki. Mwisho nikachukua kijitabu chembamba, cha Jumamosi tatu. Nilijiambia nafanya wema. Angalau huyu asiondoke na hadithi nyingine inaning'inia.

Baba alikipokea. Hakuniuliza kuhusu kurasa za mwisho. Alikibana kati ya kidole gumba na cha shahada, akapima unene wake.

"Daktari kakwambia nini?"

"Hakusema kitu, Baba."

"Muongo wewe. Kijitabu hiki mrudishie muuzaji. Niletee kinene."

Nililia njia nzima ya kushuka, fuso likinguruma, na dereva akajifanya anahangaika na gia. Jumamosi iliyofuata nilimpelekea kitabu cha kurasa mia nne na kitu. Alikipima mkononi, akakitikisa kidogo. "Eeh. Hiki sasa ni kitabu."

Kilikuwa cha mwanamke aliyeacha nyumba yake kwenda kumtafuta dada yake aliyepotea. Baba alikipenda mpaka akawa anagombana nacho. "Mwambie asipite njia hiyo!" ananipigia kelele mimi, kana kwamba nimeandika mimi. Nikawa nalala hukohuko, nasoma na Jumapili baada ya misa. Tulipita mia moja, mia mbili, mia tatu. Miguu yake ilivimba, sauti ikashuka, lakini tulisonga.

Jumapili moja, kabla sijafungua, akasema, "Leo ruka. Nenda mwisho. Nisomee ukurasa ule wa mwisho tu."

Nikacheka. Kweli, nilicheka. "Baba! Anayechungulia mwisho ni mwizi. Si sheria yako hiyo?"

Akavuta blanketi mpaka kifuani. "Haya," akasema. "Ni sheria yangu."

Nikamsomea kurasa kumi, kwa madoido, kila mtu na sauti yake. Nikakunja pembe ya ukurasa. Jumatano asubuhi Mama akanipigia simu.

Niseme ukweli, maana nimechoka kuuzunguka. Nilijua anachoomba. Nilijua palepale, kabla hata sijacheka. Kumsomea ule ukurasa kungekuwa ni kukubali kwamba anaondoka, na mimi sikutaka kukubali, basi nikamnyima. Mtu aliyeteswa maisha yake yote na hadithi zisizo na mwisho, mwisho ulikuwa mkononi mwangu, nikamnyima kwa utani.

Baada ya misa ya arobaini nilishuka mjini, sikupanda tena. Nilimwambia Mama kazi imenibana, wanafunzi wanatoa kopi za tafiti zao usiku na mchana. Ilikuwa nusu kweli. Nikawa nanunua vitabu, naanza, naacha, naanza.

Wiki iliyopita simu ikalia. Mama huwa anabipu tu, umpigie wewe. Safari hii alipiga mwenyewe, kama Jumatano ile.

"Njegere zimekomaa, njoo uchukue," akasema. "Na uje na kile kitabu."

"Kitabu gani, Mama?"

"We mtoto! Cha yule mwanamke na dada yake. Mmeniacha naye kivukoni, mvua inamnyeshea, kivuko hakiji. Atakaa hapo mpaka lini?"

Nikautoa mkoba nyuma ya mlango, nikafungua kitabu pale nilipokunja pembe. Kivukoni. Mvua. Wakati wote ule, na mgongo wake na ungo wake, alikuwa nasi mstari kwa mstari.

Jumamosi nikapanda. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, upande wake Baba, ungo mapajani. Nilianza kusoma, nikawa nayakimbiza maneno ili nipite haraka pale tulipoachia na Baba.

"Usiharakishe," akasema bila kuinua macho. "Hata yeye ulikuwa unamharakishia, zile siku za mwisho. Nilikuwa nasikia."

Nikapunguza mwendo. Tulisoma asubuhi, tukala, tukasoma mchana wote, ukungu ukapanda ukashuka tena. Mwanamke yule alimpata dada yake, na dada akakataa kurudi nyumbani. Ndivyo kilivyoisha. Mama aliacha kumenya.

"Baba yako angegombana na huyu mwandishi mpaka Pasaka."

Tukacheka mpaka tukashikana. Halafu akachukua pindo la kanga, akajifunika uso, na mimi nikalia bila kujificha. Tulikaa hivyo kitambo, njegere zinamwagika, hakuna aliyeziokota.

Baadaye nikamuuliza, na ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kumuuliza, "Mama, unataka nikuletee kitabu gani?"

Akavunja ganda moja, la pili.

"Kinene," akasema. "Ila kisiwe na watu wa safari. Baba yako miaka yote Kisaki, na wewe huko mjini. Nimechoka kungoja watu."