Shule Iliyokuwa Chini ya Darasa la Nne

YAH: SHULE ISIYOSAJILIWA INAYODAIWA KUENDESHWA CHINI YA SAKAFU YA DARASA LA NNE.

Ndivyo kilivyosomeka kichwa cha barua ya mtendaji wa kijiji nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, katika kijiji cha kando ya reli, jirani na Kigwa. Shule hiyo niliianzisha mimi, kwa kalamu, ndani ya kipindi kimoja cha Kiswahili. Mpaka leo inaniudhi kwamba kosa la kwanza wakubwa waliloliona ni kutosajiliwa.

Mwalimu Masanja alitupa insha: "Shule Yetu". Ilikuwa mara ya tatu mwaka ule, nami nilishachoka kuandika kwamba shule yetu ina madarasa saba na mazingira ya kuvutia. Ila sakafu ya darasa letu ilikuwa na tabia moja: treni ya mizigo ikipita, inavuma, kama kuna watu chini wanaoitikia salamu ya mwalimu. Nikawaandika hao watu. Nikasema ni misukule, wale wanaosemekana wamekufa kumbe wamefichwa ili wamlimie mchawi mashamba yake. Niliwaonea huruma, nikawanyang'anya majembe nikawapa madaftari. Dawati la mbele nikampa Shija, rafiki yangu aliyefariki kwa malaria masika yaliyopita. Shule ikadai mwalimu mkuu, nikamteua Bibi Kalunde.

Bibi Kalunde aliishi nyuma ya shule na alituuzia matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi wa kuchemshia viazi hivyo. Sikumteua kwa ubaya. Ndiye mtu mzima pekee niliyemjua ambaye hakuwahi kumchapa mtoto.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa amenionya, tena si mara moja: "Mtu aliye hai hatiwi kwenye hadithi. Ukimtia, anakwama humo." Kwake yeye hadithi ilikuwa ya fisi na sungura, basi. "Wamekukosea nini mpaka uwaache?"

Mwalimu Masanja aliisoma insha yangu mbele ya darasa kwa kunicheka, akanipa alama nne kwa ishirini, akaandika kwa wino mwekundu: "Zingatia ukweli." Katika kijiji kizima, ni yeye peke yake aliyetambua kwamba ni uongo.

Watoto wakaipeleka hadithi makwao, na jioni mama yake Shija akaja kwetu.

"Shikamoo, mama."

Akachuchumaa mbele yangu akanishika mikono yote miwili.

"Nyamizi, mwanangu. Ulimwona?"

Bibi akasema kutoka jikoni, "Mwambie kweli, wewe mtoto."

"Alikuwa amevaa nini?" akauliza mama Shija.

Ningeweza kusema niliitunga. Ni neno moja tu. Lakini uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuiona tangu msiba, na mimi ndiye niliyekuwa nimeufungua.

"Shati jeupe," nikasema.

"Jipya?"

"Jipya, mama."

Akalia, akacheka, akatoka mbio. Bibi alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Haya," akasema. "Sasa mtafutie Kalunde wa watu pa kutokea."

Asubuhi wanaume walikuwa wameshazunguka nyumba ya Bibi Kalunde, wakimwita mchawi. Mtendaji, na kwa hili namsifu, alimtoa akamweka ofisini kwake kwa usalama. Kisha akaketi akaandika barua. Kata ikajibu upesi, jambo ambalo halikuwahi kutokea tulipoomba madawati: ilitaka kujua idadi ya wanafunzi, wavulana kwa wasichana, na matundu ya vyoo.

Siku ya ukaguzi afisa wa kata alikuja na futi kamba. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaanza kuchimba sakafu, kijiji kizima kikitazama madirishani. Bibi Kalunde alikalishwa kwenye kigoda, mikono mapajani.

Nikasimama. "Niliitunga! Hakuna shule!"

"Mtoto katishwa huyo," mwenyekiti wa kijiji akasema. "Mkalisheni."

"Atatunga shule nzima?" mzee mmoja akadakia. "Hawa hata saba mara nane hawaijui!"

"Jamani, mwacheni," Bibi Kalunde akasema. "Mie kusoma kwenyewe sijui. Nitamfundisha nani nini?"

Watu wakacheka, nami nikadhani yameisha.

Walichimba mpaka kiunoni. Wakapata mchwa, panya mmoja na rula iliyovunjika. Afisa akaipima rula. Kisha akasoma taarifa yake: "Wakati wa ukaguzi, wanafunzi hawakuwepo."

Nimeshasoma taarifa nyingi za serikali tangu hapo, na nyingine nimeziandika kwa mkono wangu. Hakuna inayonipandisha hasira kama ile. Angeweza kuandika "hakuna shule". Lakini fomu ilikuwa na nafasi ya mahudhurio, naye akaijaza. Mama Shija alielewa kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angeelewa: wamehamishwa.

Siku hizi binti yangu anasoma vitabu vya hadithi za shule ambamo watoto hufundishwa kuruka angani na kuzungumza na nyoka. Juzi aliniuliza, "Mama, shule kama hizi zipo?"

"Hazipo!" nikamjibu kwa sauti iliyomshtua.

"Najua, mama. Nilikuwa nauliza tu."

Bibi yangu alifariki bila kunieleza kama onyo lake lilikuwa la uchawi au la majirani. Nadhani kwake hayakuwa mambo mawili.

Kilichotokea ni hiki. Shija alikufa kwa malaria, akazikwa. Shati jeupe nililitunga mimi. Bibi Kalunde alihamia Ziba kwa binti yake wiki ileile, na akafia huko bila kurudi nyumbani kwake.